Niliishika Futi Kamba Nikicheka

Nyumba ya Mzee Alois,
Mtendeni,
Tabora.

Jumapili, 8 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Dionis,

Marahaba. Najua shikamoo yako haijafika, lakini nimeshaizoea, huwa inachelewa njiani, basi naiitikia kabisa tusije tukasahau wote wawili.

Hujambo wewe? Shemeji Benedikta hajambo? Watoto wanakula, wanakua, wanajua hata neno moja la kwetu? Na hiyo baridi ya Toronto je, inawaacha mpumue? Nasikia huko mtu akipiga chafya barafu inamjibu. Mimi nilishapigwa na baridi ya Njombe na ya Lubumbashi enzi za utingo wangu, nikalala juu ya magunia ya mahindi bila shuka, kwa hiyo usidhani nashangaa. Nakupa pole tu, kama mtu aliyeona dunia anavyompa pole mwenzake.

Huku kwetu ni wazima. Vumbi la Septemba limetujaa mpaka kwenye masikio, na jua linawaka kama limekodishwa kwa saa. Mama hajambo. Mguu wa kushoto unamsumbua asubuhi, lakini ukifika wakati wa kuimba kanisani mguu unapona ghafla, na sauti yake inaifukuza kwaya nzima. Yustina wangu anakusalimu. Bi Batuli naye yupo, yule mpangaji wa chumba cha uani anayekaanga maandazi tangu wewe unavaa kaptula. Leo asubuhi kanipa andazi moja akasema ni la Dionis. Nimelila mimi kwa niaba yako.

Barua hii anakuletea Prachi, mjukuu wa Mzee Jivraj wa duka la vitambaa. Anakuja huko huko Toronto kumtembelea shangazi yake. Nimeandika kwa mkono kwa sababu ujumbe wangu kwenye simu yako unakaa na tiki moja tangu mwezi wa sita. Nilidhani umeibiwa simu. Nikawasha mshumaa kwa Mtakatifu Antoni akusaidie kuipata. Ndiyo, niliwasha mshumaa. Cheka tu, mimi mwenyewe sasa nacheka.

Kazi inaniendea vizuri mno, Dionis. Hesabu ilinifukuza shule kidato cha pili, lakini leo mjini hapa hakuna mwenye nyumba asiyejua jina langu. Nasimamia hii yetu, nasimamia zile za uani za Mzee Jivraj, na mwaka huu Aftab naye kanipa jengo lake jipya lenye fremu za maduka, baada ya kuwafukuza mameneja wawili wenye tai. Watu wananiita Meneja. Nikipita sokoni nasikia, "Meneja, choo kimeziba!" na mimi napunga mkono kama mbunge. Mvua ikinyesha nasimama uani, nasikiliza, na naweza kukuambia ni bati lipi limelegea msumari, bila kupanda.

Halafu kuna kazi ya wapangaji, ambayo haifundishwi popote. Wiki iliyopita mtu na mkewe wa chumba cha mbele walitaka kutoana macho kwa ajili ya umeme. Nikawakalisha kwenye benchi.

"Meneja, huyu mwanamke anapiga pasi mpaka soksi!"

"Na yeye anaangalia mpira mpaka wachezaji wenyewe wamekwenda kulala!"

Nikatoa hukumu: soksi zivaliwe na makunyanzi yake, na mpira uangaliwe kwa jirani. Mpaka jioni walikuwa wanakula sahani moja. Niambie huko Kanada kama kuna meneja wa namna hiyo.

Jumamosi ni ya nyuki. Mizinga yangu ya Ntalikwa imeongezeka, na kando yake nimejenga vyumba viwili vya tofali za kuchoma, niwe napumzikia. Nawapigia nyuki rumba kwenye redio wakati wa kurina. Yustina anasema nimechanganyikiwa, lakini nyuki wa rumba hawaumi kama wa jirani yangu Gerson, ambaye anawaimbia nyimbo za Kimoraviani polepole mpaka wanakasirika. Mavuno ya mwezi wa sita nilikuwekea dumu lako. Asali nyeusi ile unayoipenda, nimeichuja kwa kitambaa kipya. Nitalirudia dumu hilo mbele.

Sasa nikae vizuri, maana hapa ndipo mkono unapokuwa mzito.

Jumatano ya juzi nilikuwa uani nazibua mfereji wa Bi Batuli. Akaingia bwana mmoja mnene, shati la maua, mkoba begani. Akaita, "Hodi! Mwenye nyumba yupo?"

Nikamwambia, "Mwenye nyumba ni mimi nikishiba. Nikiwa na njaa ni hawa wapangaji."

Akacheka. Akaniuliza kabila. Nikamwambia Mnyamwezi wa hapa hapa, na wewe? Akasema, "Mimi Mzaramo wa Kisarawe, naitwa Kondo."

Loo! Dionis, unatujua tulivyo na Wazaramo. Tangu babu zetu walipobeba meno ya tembo mabegani kutoka hapa mpaka pwani, wakalala kwenye vijiji vyao na kutukanana nao kwa mapenzi, utani kwetu ni sheria. Unakumbuka maziko ya Baba? Yule Mzaramo wa stesheni aliruka ndani ya kaburi na kofia ya Baba kichwani, akagoma kutoka, anasema Mzee Alois kamwachia yeye mke na nyumba. Wewe ulikuwa unalia, ukashikwa na kicheko mpaka ukanishika bega. Mama mwenyewe alicheka, na jeneza liko pale.

Basi Kondo akasema, "Nimekuja kuchukua nyumba yangu. Imeshanunuliwa, fungasheni virago mtoke."

Nilicheka mpaka nikaketi juu ya ndoo. Nikamwambia, "Karibu mtani, umechelewa kweli! Tulikungoja tangu maziko ya Baba. Ichukue. Na huyu bibi ni wa nyumba, umchukue naye, ila anakoroma."

Bi Batuli naye akadakia kutoka jikoni, "Akinichukua aniletee kwanza ngano na mafuta, simfuati mwanamume mkavu!"

Kondo akatoa futi kamba kwenye mkoba. Nikadhani sasa utani umefika mahali patamu, kaja na vifaa kabisa. Na ndugu yako, Meneja wa Tabora nzima, nikamshikia ncha ya futi kamba. Niliishika kwenye pembe ya ukuta nikicheka, chumba baada ya chumba, namwambia, "Vuta, mtani, vuta, Mzaramo hajawahi kupima kitu kirefu kuliko mkeka!" Nikamtembeza. Nikamwonyesha dari niliyoibadilisha, msingi niliouzibia ufa, choo kipya. Nikajisifu. Unanijua nikianza kujisifu. Kumbe nilikuwa namnadia mali.

Tukafika kwenye chumba chako. Akauliza mbona kuna kitanda kimetandikwa na hakuna mtu. Nikamwambia hicho hakipangishwi, ni cha mdogo wangu aliyeko Kanada, Mama alitoa amri na kila Jumamosi anakifagia mwenyewe, watu wamenibembeleza mpaka na kuku mkononi na sijakitoa. Kondo akakitazama kile kitanda muda mrefu. Hakutania pale. Ningekuwa na akili ningeshtuka, lakini nilikuwa na furaha ya mgeni.

Mwishoni akasema, "Basi mtani, nipe funguo zangu." Nikafungua mkanda, nikamkabidhi fungu zima la funguo kwa mikono miwili, nikapiga na goti. "Chukua, bwana mkubwa, uanze na kufagia uani." Akazitia mkobani. Yustina akaleta ugali na mlenda, tukanawa.

Tulikuwa tunakula ndipo nikamwambia, haya mtani, zimetosha, nirudishie funguo zangu nina kazi. Akaacha kutafuna. Akasema, "Mtani, mbona unanichanganya? Mimi nilidhani mmeshaelewana na mdogo wako, ndiyo maana ukawa mwepesi hivi. Wallahi hapa sitanii." Akafuta mkono, akachukua simu, akakupigia. Akaiweka sauti ya juu, katikati ya sahani.

Uliipokea kabla haijaita mara ya pili, Dionis. Simu ile ile ya tiki moja.

Ukasema, "Bwana Kondo! Vipi, umeiona? Imekaa vizuri, si ndiyo?"

Akasema, "Nimeiona, bosi. Niko na huyu bwana hapa."

Ukasema, "Ah, huyo mlinzi wangu. Mweleze taratibu tu atatoka, hana neno."

Mimi nikasema, "Dionis. Ni mimi, Leo."

Nikasikia maji ya bomba yanatiririka huko kwenu, na mtoto anaita baba, baba. Halafu simu ikakatika. Kondo akasema ni mtandao. Mungu ambariki mtu yule kwa uongo ule, maana aliusema kwa haraka na bila kunitazama.

Nimekaa na neno lile siku hizi zote. Mlinzi. Nimefanya kazi nyingi duniani: nimekuwa utingo, nimeuza mitumba Bujumbura, nimepika chai stesheni ya Igalula, na hakuna niliyoionea aibu. Hata ulinzi wenyewe ni kazi ya watu. Lakini nyumba hii sikuilinda kwa kuajiriwa na wewe. Baba alipokuwa hoi alituita wote, na katekista akiwepo, akasema hati iandikwe jina la Dionis kwa kuwa ndiye mwenye kalamu, ila nyumba ni ya mama yenu mpaka Mungu amwite, na baada yake ni yenu wote. Mimi nikaitikia "ndiyo Baba" kwa sauti kubwa kuliko yako. Sikuona shaka. Ningeanzaje kuona shaka kwako? Nani alikubeba mgongoni kwenda kliniki siku ile umepandwa na degedege, na mimi mwenyewe sina viatu?

Kuuza hakuniumi kama unavyodhani. Watu wanakwama, na nchi za watu zina mambo yake. Ungeniandikia "Kaka, nimezidiwa," ningenuna siku mbili, siku ya tatu ningeamka na kuiuza mwenyewe, tena vizuri kuliko huyo Kondo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, Dionis! Ningemtafutia Mama mahali kwanza, ningemweleza polepole, ningempa Bi Batuli muda. Wewe umeenda kutafuta dalali Dar es Salaam ili mimi nisijue. Una ndugu meneja, ukamkimbia kama mpangaji anayehama alfajiri na godoro kichwani.

Na wakati wa Pasaka ulimpigia Mama kwenye kitochi chake ukamwambia, "Nitakuja Mama, uniwekee chumba changu." Sijui siku ile ulikuwa umeshaanza mazungumzo na mnunuzi au bado. Nimejiuliza, nikaamua nisijiulize tena.

Sasa nikupe lile kubwa. Mama hajui.

Siku Kondo alipokuja, Mama alikuwa kwenye sala za jumuiya. Alirudi akamkuta mgeni na futi kamba mezani. Kabla sijafungua mdomo akapiga vigelegele. Akasema, "Mwanangu Dionis katuma fundi! Kaniambia Pasaka atakuja, sasa anatengeneza nyumba kwanza!" Nikamtazama Kondo, Kondo akanitazama. Kinywa changu hiki, ambacho kimebishana na polisi wa mpaka wa Kasumbalesa mpaka wakanipa maji ya kunywa, kilikauka.

Mama akaingia ndani, akatoka na chupa ya asali. Ni ya dumu lako, Dionis. Akamwekea Kondo mkononi, akasema, "Pokea, fundi, ya mwanangu hii, kula upate nguvu, uijenge vizuri." Yule Mzaramo jasho lilimtoka mpaka shati la maua likalowa. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaipokea na kuinama kama anakomunika kanisani, na yeye ni Mwislamu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Pale ndipo akaniambia kwamba mnunuzi anataka nyumba iwe tupu mwisho wa mwezi huu. Akasema, "Lakini mtani, mimi nitamwambia nimeona nyufa, nimeona wapangaji wakorofi, nitamwambia lolote. Nitakuvutia muda mpaka mvua za kwanza. Zaidi ya hapo sina." Akanirudishia funguo. Mtu wa kuchukua nyumba, ambaye tumejuana kwa kutukanana nusu siku, kaona haya mbele ya mama yetu. Nilipotaka kumshukuru akasema, "Usinishukuru, Wanyamwezi nyie mkishukuru mnaomba na nauli." Tukacheka. Nilirudi nyumbani na kicheko kile, kikaishia getini.

Tangu siku hiyo Mama ametangaza mtaa mzima. Mama Recheli wa jirani kaja kuona mahali futi kamba ilipopita. Jumuiya wamesali kwa ajili yako, wamekutaja kwa jina, na Mama kasimama katikati yao amejifunga kitenge kipya. Anakunywa chai amesimama, anaonyesha ukuta kwa kidole: hapa dirisha kubwa, pale bomba. Bi Batuli anajua, alisikia yote kutoka jikoni. Hatanii tena. Ananiangalia tu, ananipa maandazi bila kusema, kama mtu aliyefiwa.

Mahali pa Mama pa kukaa nimeshapata: vile vyumba viwili vya Ntalikwa nitavipaka chokaa, na kimoja nitakiongeza baraza kwa ajili ya Bi Batuli, maana siwezi kumwacha mama yule aanze upya mtaani na karai lake. Nyuki watalalamika, nitawaongezea rumba. Hilo la makazi lisikunyime usingizi, niachie mimi.

Ila kumwambia Mama, hapana. Nimejaribu mara tatu. Nimeketi kando yake, nimekohoa, nimeishia kumuuliza mguu unaendeleaje. Najua kwa nini linanishinda: halitoki kwangu. Mimi nikimwambia, nitakuwa ninamchukulia mtoto wake, na hilo sikulifanya hata tulipokuwa wadogo tukigombea godoro. Basi nakuomba jambo moja tu, wala sitakuomba lingine. Mpigie Mama. Mpigie kabla ya mvua. Mwambie kwa mdomo wako kwamba nyumba imeuzwa na aliyeuza ni wewe. Nami nitakuwa nimekaa karibu yake, nimshike. Akiniuliza kama nilijua, nitasema nilijua, na nitasema ulikuwa umezidiwa, hata kama sijui ulizidiwa na nini. Hapo nitakufichia, kama zamani.

Usipopiga, mvua zitaanza, na Mama atatoka nyumba hii akiamini kwamba anawapisha mafundi wako. Atakuwa anasubiri kule Ntalikwa siku ya kurudi. Atakuwa ananiuliza kila Jumamosi, fundi kafikia wapi. Mimi ni muongo mzuri, Dionis, nimewadanganya watu katika nchi nne, lakini kwa uongo huo sina kifua.

Yustina anakusalimu sana. Bi Batuli anakusalimu kwa namna yake. Gerson wa nyuki wa Kimoraviani anakusalimu. Mzee Jivraj anamsalimu Benedikta na kumkumbusha kwamba kitambaa cha harusi yenu kilitoka kwake. Wabusu watoto vichwani, na huyo aliyekuwa anaita baba, baba, mwambie baba mkubwa alimsikia. Mungu awakinge na baridi hiyo, akufungue mdomo, na akurudishe nyumbani siku moja, hata kama nyumba yenyewe itabidi tukuelekeze njia.

Nilipokuwa nafunga barua Mama kaingia, kaniuliza naandika kwa nani. Nikamwambia kwa Dionis. Kafurahi, kavuta kiti, na kanipa salamu zake niziandike kama zilivyo: "Mwambie mwanangu fundi hakutuambia mlango wa chumba chake utapakwa rangi gani. Mimi nataka ile bluu aliyopaka baba yake, ila chumba ni chake. Achague yeye. Nangoja jibu."

Nimeziandika. Mjibu mwenyewe.

Ni mimi ninayekupenda bado, tena kwa kununa,

Leodgar,
kaka yako, wala si mlinzi.